Helikopta ya jeshi iliyostaafu kwa doria za porini: inafaa au tunajitafutia balaa?

Kibwana_Iringa

Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi na shirika dogo linalosaidia askari wa wanyamapori kwenye maeneo ya hifadhi ya jamii, upande wa Ruaha. Tuna Land Cruiser mbili. Masika njia zikikatika tunabaki kusikiliza redio tu, majangili wanapita.

Sasa mfadhili wetu mmoja ametuletea tangazo kutoka Marekani. Ni helikopta ndogo aina ya OH-58C, ilikuwa ya jeshi, baadaye ikatumiwa na polisi wa kaunti moja, sasa inauzwa. Bei haifiki nusu ya Jet Ranger (Bell 206 ya kiraia) tuliyoulizia Nairobi. Mfadhili anasema ni ndege ileile, Bell 206 iliyopakwa rangi ya kijani. Kwenye picha inang'aa, na saa zake za kuruka ni chache kuliko za ile ya Nairobi.

Naomba kujua: ni ndege ileile kweli? Huku tutaisajili? Na hizi helikopta nyepesi za jeshi zikishazeeka huwa zinaishia wapi, kuna watu wanaozitumia wakaridhika? Kikao cha bodi ni wiki ijayo. Ningefurahi kumsikia mtu aliyezishika kwa mikono yake.

Otish_254

Nunueni. Mimi nimekulia Embakasi, helikopta ndogo za jeshi, Hughes 500, zilikuwa zinapita juu ya mabati yetu kila siku. Ziliingia Kenya mapema miaka ya 1980, nyingine za kurusha makombora ya TOW, yale ya kupigia vifaru, nyingine za skauti. Jeshi likakaa nazo mpaka juzijuzi, MD 530F sita mpya, za ukoo huohuo, zikapokelewa Januari 2020. Hiyo ni karibu miaka 40! Kama jeshi limeweza miaka 40, shirika lenu litashindwaje na miaka kumi?

Fundi_Mwachiru

Kibwana, salamu. Mimi ni fundi wa helikopta, kwanza jeshini, halafu uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Leseni yangu ilikuwa na Bell 206 na Hughes 500. Nimestaafu, niko Kilifi. Nakusihi usiende kwenye hicho kikao na picha peke yake. Nitaandika kirefu kwa sababu katika hii ndege kutapanda watu.

Nianze na Otish. Miaka 40 ni kweli, lakini jeshi halirushi ndege moja kwa miaka 40. Linarusha kundi zima, lenye karakana, bajeti, na spea zinazoingia kwa mkataba. Hughes ya 1980 ikiruka mwaka 2010, mapanga yake si yale ya 1980. Giaboksi imeshafunguliwa, injini imeshabadilishwa, hata nyaya zimepitiwa. Kilichozeeka ni ganda, yaani mwili wa ndege, na ganda likitunzwa lina uvumilivu mkubwa. Jeshi likiamua kuziachia, kinachokauka kwanza ni ule mkondo wa spea. Mnunuzi anapata ndege siku ileile iliyopoteza kilichokuwa kinaiweka hai. Ndiyo maana bei iko chini.

Sasa swali lako la kwanza. OH-58 na Jet Ranger ni ndugu wa tumbo moja, lakini si ndege moja. OH-58A iliingia jeshi la Marekani mwaka 1969, zikajengwa zaidi ya 2,000. Injini yake ni T63, ndiyo Allison 250 ya kijeshi. Ile ya A ilikuwa na nguvu za farasi 317, na C mnayotaka kuuziwa ilipandishwa hadi 420. Rota kuu (mapanga ya juu yanayozunguka) ya OH-58 ina upana wa karibu mita 10.8, ya Jet Ranger ni kama mita 10.2. Kwa hiyo msitegemee kukopa mapanga kwa jirani pale Wilson mkikwama. Kinyume chake pia hakiwezekani: Bell wenyewe hawakubali kifaa kilichotoka kwenye ndege ya jeshi kifungwe kwenye 206 ya kiraia, hata kama kwa macho vinafanana. Sababu yao ni historia. Hawajui kile kifaa kimepita wapi.

Na hapo ndipo umri wa helikopta unapokaa. Gari unalipima kwa mwaka wa kutengenezwa na kilomita. Helikopta haina umri mmoja, ina umri mwingi ndani ya ganda moja. Kila panga lina wake, kila gurudumu la tabo, yaani turbini, ndani ya injini lina wake, na kila kimoja kina kadi ya kumbukumbu ya saa zake.

Chukua mfano wa vile tunavyoviita mikanda, ndani ya kichwa cha rota ya Jet Ranger. Ni miwili, kila panga na wake. Imesukwa kwa nyuzi nyembamba za chuma na kufunikwa kwa plastiki ngumu. Panga likizunguka linavuta kwenda nje kwa nguvu ya tani nyingi, na mkanda huo ndio unaolizuia lisichomoke. Kipimo chake ni saa 1,200 au miezi 24, kile kitakachotangulia. Miezi 24! Hata ukiifungia helikopta ndani ya hanga, ukaifunika turubai, isiruke hata dakika moja, miaka miwili ikifika unaitoa mikanda na kuitupa, kwa sababu unyevu ukishaingia kwenye zile nyuzi huuoni kwa nje. Kwa hiyo mtu akikuambia "saa zake ni chache, ilikuwa imeegeshwa", hajakupa sifa. Muulize iliegeshwa wapi, kwa muda gani, na nani alikuwa akiizungusha na kuipaka mafuta.

Saa nazo si sawa. Hizi OH-58 nyingi zilifundishia marubani. Mwanafunzi anazima nguvu ya injini hewani na kushuka kwa mzunguko wa mapanga tu mpaka chini, anarudia, anarudia tena. Saa moja ya namna hiyo inaichosha ndege kuliko asubuhi nzima ya doria iliyonyooka. Upande wa Hughes 500 jambo hili limewekwa kwenye sheria: mapanga yake yaliwahi kupatikana na nyufa karibu na shina, na tangu hapo mbali na saa tunahesabu pia kila mara ndege inapotoka kwenye mwendo na kusimama hewani, na kila mzigo inaoninginiza na kuuinua. Panga linaweza kuwa na saa chache na likawa limekwisha.

Sasa kadi. Niliwahi kuletewa panga la Jet Ranger kutoka nje ya nchi, nalikague kabla halijafungwa. Panga lilikuwa zuri, limepigwa rangi, limefungwa kwenye sanduku lake. Nikaomba kadi. Kadi ilikuwa na miaka saba ya maingizo, saa zikiongezeka mstari kwa mstari, na miaka yote saba ilikuwa mkono mmoja, wino mmoja, na herufi zinalalia upande mmoja kama za mtu aliyekaa mezani mchana mmoja. Kadi ya kweli haifanani hivyo. Ya kweli ina mwandiko wa watu watano, ina wino wa bluu na mweusi, kuna alama ya kidole chenye grisi, kuna mtu amekata namba na kutia saini pembeni. Nikageuza panga nikasoma namba ya mfululizo kwenye shina. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imekwanguliwa na kugongwa upya. Nililikataa, na mwenye kampuni alinikasirikia kwa muda mrefu. Lilikuwa panga la watu watano, rubani na abiria wanne.

Mkienda kuiangalia hiyo ndege, mpeni fundi wenu sarafu. Simfundishi kazi, ila wengine huona haya kufanya hivi mbele ya muuzaji. Agonge taratibu kuanzia shina mpaka ncha, juu na chini ya panga. Ndani kuna bati jepesi lenye vyumba vidogo, limegandishwa kwa gundi. Mahali pazima hujibu kwa mlio mkali, palipoachana hujibu kwa mlio mzito, uliokufa. Kisha aende kwenye giaboksi kuu. Ganda lake ni la magnesiamu, na akiona unga mweupe kwenye maungio, hasa kama ndege ilikaa jimbo la pwani, hiyo ni kutu inayokula kwa ndani. Sisi wa pwani tunaijua. Mwisho apige magoti upande wa kushoto wa ganda, atafute viraka: OH-58 nyingine zilifungwa bunduki ya mitutu sita pale. Bunduki ikitolewa matundu ya boliti hubaki, na bati la pembeni linakuwa limetikiswa sana.

Kuhusu usajili nitakuwa mfupi kwa kuwa hapo hapana mjadala mrefu. Marekani polisi wanaruhusiwa kurusha ndege kama chombo cha serikali bila cheti cha kiraia cha ubora wa ndege. Mtu binafsi akiinunua hupewa cheti cha matumizi maalumu: kunyunyizia mashamba, kubeba mizigo ya kuninginia, doria na kadhalika, abiria wa kulipa hapana. Cheti hicho hakivuki mpaka chenyewe. Mamlaka zetu, ya Tanzania na ya Kenya, huanza kwa kuuliza kama aina hiyo ya ndege ina cheti wanachokitambua. Andikeni barua TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kabla hamjatuma hata senti. Jibu la maandishi, si la simu.

Chausiku_Hampshire

Mzee Mwachiru shikamoo. Nimesoma yote. Mimi naishi Uingereza, si mbali na Middle Wallop, kituo cha helikopta za jeshi, na napiga picha za ndege. Huku hadithi ni ya helikopta nyepesi ya jeshi iitwayo Gazelle. Jeshi liliziweka chini mwaka 2023 baada ya karibu nusu karne, lakini nyingi zilishauzwa kwa watu binafsi miaka mingi kabla ya hapo. Zinapendeza mno, ile feni ndani ya mkia unaitambua kwa mlio hata hujaiona. Na panga zake ni za nyuzi za kioo, si za bati, jambo lililokuwa jipya kabisa zilipoanza kuruka mwaka 1967.

Wenye nazo ni watu wa mapenzi na pesa. Wanarusha Jumapili hali ya hewa ikiwa nzuri, wanakwenda kwenye maonyesho, wanarudi. Nyingine zimeandikishwa Hungary ingawa zinaishi hapa, kwa sababu ya mambo hayohayo ya vyeti. Sijaona hata moja inayofanya kazi ya kila siku. Na kila mwenye Gazelle ninayemfahamu ana nyingine ghalani isiyoruka, anaivua moja kuivalisha nyingine.

Ufaransa jeshi bado lina zake, na zimepelekwa mpaka Mali. Januari 2013, siku ya kwanza ya vita vile, rubani wao Damien Boiteux alipigwa risasi za bunduki za kawaida akiwa ndani ya Gazelle akafariki. Kioo kitupu mbele, hakuna kinga. Kibwana, majangili wenu wana silaha?

Kibwana_Iringa

Dada Chausiku, wanazo. Asante kwa hilo, hatukuwa tumelifikiria.

Mzee Mwachiru, shikamoo. Nimemwandikia muuzaji jana hiyohiyo. Amenitumia picha za kadi, amekuwa muungwana. Mapanga mawili yana kadi. Giaboksi kuu ina kadi. Ya injini inaanza mwaka 2009, ilipofika kwa polisi, na mstari wa kwanza umeandikwa "saa zilizotangulia: hazijulikani". Mkia una karatasi ya ukaguzi mmoja tu. Anasema injini ilifunguliwa sehemu ya moto na inafanya kazi vizuri, na ananipa video ikiwashwa. Hiyo "hazijulikani" ina uzito gani?

Fundi_Mwachiru

Marahaba kijana wangu. Chausiku nawe marahaba.

Muuzaji ni mkweli, na namheshimu kwa hilo. Wengine wangejaza namba. Lakini huo mstari mmoja umemaliza injini yote.

Injini za 250 za kundi hilo hufunguliwa sehemu ya moto saa 1,750, na saa 3,500 tabo inafanyiwa ukarabati mkubwa. Huo ni utaratibu, na fundi anaweza kuufuata upya kuanzia leo. Magurudumu ya tabo ndiyo yasiyosamehe. Hayo yana mwisho, na mwisho wake unahesabiwa kwa saa na pia kwa idadi ya kuwashwa. Kila ukiwasha, gurudumu linatoka kwenye ubaridi wa hanga na kuingia kwenye mamia ya nyuzi za joto ndani ya sekunde chache, na kila mara chuma kinatanuka na kusinyaa. Kama hujui lilishawashwa mara ngapi kabla ya 2009, fundi mwaminifu ana njia moja tu: kulihesabu kuwa limekwisha. Video haikuonyeshi ufa ulio kwenye mzizi wa gurudumu. Injini yenye magurudumu yaliyochoka huwaka vizuri kabisa.

Kwa hiyo ongeza kwenye bei: magurudumu, ukarabati wa tabo, mikanda, ukaguzi kamili wa mkia, meli mpaka Dar, kufungua na kuunganisha, rubani mwenye kibali cha aina hiyo, na bima kama utampata wa kukupa. Mpe mhasibu wenu afanye hesabu mwenyewe, asiniamini mimi. Nadhani mtaikaribia ile Jet Ranger ya Nairobi, na Jet Ranger ina vyeti na mafundi wanaoijua.

Uliuliza zinaishia wapi, sikujibu. Zilizo bora hupewa majeshi mengine. Wamarekani walipoiacha OH-58D, Croatia ilipata 16 mwaka 2016 na Ugiriki 70 mwaka 2019. Huo ndio uzee mzuri, zinahama pamoja na spea, vitabu na walimu. Helikopta za Kifaransa Alouette III za Ireland zilianza 1963 zikastaafu 2007, za Ureno zikasonga mpaka 2020, na miaka mingi zilikuwa zikiokoa watu baharini na milimani. Kuna nchi ambayo haikupewa ikajitafutia: miaka ya 1980 Korea Kaskazini ilipata Hughes 500 za kiraia zaidi ya 80 kwa magendo kupitia Ujerumani Magharibi, na mwaka 2013 zikapita kwenye gwaride Pyongyang, zimefungwa makombora. Miaka 30 bila kiwanda kuwauzia hata nati! Kama fundi nawaza ni ndege ngapi zilichinjwa ili zile ziruke siku ile. Korea Kusini nao wameigeuza 500MD moja ikaruka bila rubani mwaka 2019, jambo ambalo naliona ni la busara, kwani ganda linatumika na hakuna mtoto wa mtu ndani.

Nyingine huishia vyuoni. Natamani zingekuja nyingi zaidi huku kwa kazi hiyo. Kijana anayefungua kichwa cha rota cha kweli, hata kama hakitaruka tena, anajifunza kitu ambacho mchoro haumpi. Kama mfadhili wenu anaipenda sana hiyo OH-58, ainunue aipe chuo cha mafundi Tanzania. Nitapanda basi kuja kufundisha bure.

Nyambura_K

Samahani kuingilia. Baada ya ajali iliyomuua Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla na wenzake, Aprili 18, 2024 huko Elgeyo Marakwet, Wakenya wengi tulisema ni ndege za zamani za vita vya Vietnam. Wewe fundi unasema umri wa ganda si hoja. Kwa familia zilizofiwa hayo maneno ni magumu.

Fundi_Mwachiru

Nyambura, pole, na poleni wote mliofiwa. Siisemei ajali ile, sikuwapo na sikuishika ndege. Na sisemi umri si hoja. Kuna Huey za zamani (helikopta za aina hiyo ya Vietnam) zilizopitia kiwandani zikapewa mkia mpya, rota mpya na injini yenye nguvu zaidi, hizo ndizo Huey II. Kuna nyingine zilipigwa rangi tu. Mwaka wa kuzaliwa ni mmoja na ndege ni mbili tofauti kabisa. Familia ina haki ya kuuliza, na swali la kuuliza ni hili: nionyesheni kadi za vifaa vilivyokuwa vinazunguka siku ile. Raia hapewi karatasi za jeshi, na hilo linaniuma kama fundi, kwa maana ndizo zinazojua.

Otish_254

Mzee nimekuelewa. Nafuta "nunueni".

Kibwana_Iringa

Nawajulisha. Bodi imekaa leo. Niliwasomea maelezo ya mzee neno kwa neno, na mhasibu alifanya hesabu: kwa ile orodha tumepita bei ya Jet Ranger kabla hata ya bima. Barua ya TCAA tumeandika hata hivyo, ili jibu libaki kwenye faili. Mfadhili alinyamaza kidogo, kisha akauliza chuo gani kingeipokea. Mzee, nitakutafuta kwa hilo, usiseme sikukuambia.

Kwa doria tumekubaliana tukodi helikopta kwa saa wakati wa masika tu, na tutafute Super Cub (ndege ndogo ya mabawa) ya mitumba kwa siku za kawaida, kama wanazotumia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kule Tsavo. Kuna moja tumeonyeshwa, ya miaka ya 1970. Niangalie nini kwanza?

Fundi_Mwachiru

Nguzo zinazoshikilia mabawa. Ni mirija ya chuma na huoza kutoka ndani, nje ikiwa nzuri. Uliza kama ni za asili au za aina iliyozibwa, na kama ni za asili, omba karatasi ya mara ya mwisho zilipopimwa chini kabisa, kwenye ncha inayoshika ganda, maana maji hukusanyika pale. Halafu mkia: fungua kitambaa kidogo chini, gusa mabomba kwa kidole. Nitumie picha za vitabu vyake, kurasa zote, hata zile chafu.